Santuri na Maswali: Robeson au Sinatra, nani kaubeba "Ol' Man River"?

Haya wapendwa, toleo lililopita niligusia mistari miwili mitatu tu kuhusu wimbo wa Ol' Man River nikidhani nimepita zangu, kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimekuja kutoka Morogoro, Mombasa, Unguja, Dodoma, mpaka mhariri kanipigia kuniuliza we mzee umeandika nini huko. Basi ukurasa wote wa leo nimeuachia huo wimbo mmoja, na lile swali refu kuliko yote ndo naanza nalo.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi na kaka yangu tumegombana na hatuelewani mpaka leo, tunaomba utuamue. Marehemu mzee wetu alituachia santuri zake na kati ya hizo kuna mbili zenye wimbo mmoja, Ol' Man River, moja kaimba Frank Sinatra nyingine kaimba Paul Robeson. Kaka anasema Sinatra kaumaliza, sauti laini, okestra kubwa, kila kitu kimekaa mahali pake. Mi nasema Robeson, ile sauti ikianza tu nasisimka mwili. Tukaingia YouTube tukakuta watu kibao, wengine wanauimba haraka kama dansi, wengine taratibu kama wa msibani, afu cha ajabu maneno hayafanani, hata Robeson mwenyewe mahali anaimba hivi na mahali anaimba vile. Wimbo ni wa nani hasa, na nani kauimba vizuri? Mtoto wa mwisho, Morogoro.

JIBU: Marahaba mwanangu, na kaka yako msalimie, mwambie hajakosea sana, ntafika kwake.

Kwanza wimbo wenyewe umetoka wapi, maana wengi wanadhani ni wimbo wa zamani wa watumwa na hata mimi nilidhani hivyo miaka mingi. Hapana. Ni wimbo wa kutungwa kabisa na watu wawili wa New York, muziki Jerome Kern, maneno Oscar Hammerstein wa Pili, kwa ajili ya mchezo wa jukwaani unaoitwa Show Boat ulioanza kuonyeshwa hukohuko New York tarehe 27 Desemba 1927. Kisa walikichukua kwenye riwaya ya Edna Ferber iliyotoka 1926. Kuna boti ya maonyesho inapanda na kushuka mto Mississippi, humo ndani watu wanapendana, wanaachana, wanacheza kamari, miaka kama 40 inapita, na pembeni yupo kuli mweusi anaitwa Joe. Joe hana mambo mengi kwenye kisa ila wimbo mkubwa kapewa yeye. Anakaa gatini anautazama mto anasema huyu mzee lazima kuna kitu anajua ila hasemi, hapandi viazi, hapandi pamba, na wanaopanda wanasahaulika upesi, yeye anatiririka tu. Hammerstein mwenyewe alieleza kwamba ni wimbo wa mtu aliyekubali yaishe lakini ndani yake mna malalamiko. Hiyo sentensi ishike, kwa sababu waimbaji wote unaowasikia huko YouTube wanatofautiana hapohapo, huyu anaimba kukubali, yule anaimba malalamiko.

Sasa umbo lake, na wanakwaya watanielewa upesi. Kiitikio kinaanza chini kabisa, soh soh lah doh, kinarudiwa, afu inakuja sehemu ya tatu hapo wimbo unabadilika rangi, unaingia huzuni na mapigo yanaanza kugonga, wewe na mimi tunatoka jasho, mwili wote unauma, vuta jahazi, nyanyua robota, ukilewa kidogo tu unajikuta jela. Kisha sauti inarudi kwenye tuni ya mwanzo na mstari mzito kuliko yote, kwamba nimejaribu mpaka nimechoka, kuishi nimechoka na kufa naogopa, lakini Mzee Mto anatiririka tu, na hapo unapanda mpaka juu. Kutoka noti ya chini hadi ya juu ni zaidi ya oktavi moja na nusu. Wenye sauti ya chini wanateseka mwishoni, wenye sauti ya juu mwanzoni hawasikiki.

Nikwambie kitu kimoja cha nyumbani. Baba yangu mzazi alikua kuli bandari ya Tanga enzi za mkonge. Robota la mkonge si mzigo wa mtu mmoja, linasukumwa na watu, mmoja anaita "haraambeee" wenzake wanaitikia "hee!" na pumzi inatoka wakati uleule mzigo unapoondoka chini. Siku moja nilikua naisikiliza kaseti ya Robeson sebuleni, mzee kakaa kwenye kiti chake anachambua maharage kwenye ungo, Kiingereza hajui hata neno. Ilipofika ile sehemu ya tatu mkono ukasimama juu ya ungo. Akasema, "hapa wanabeba." Sikua nimemwambia chochote kuhusu wimbo. Ulipoingia ule mstari wa uchovu akasema tena, "bado hajatua huyu," akaendelea na maharage yake.

Tangu siku hiyo nikipewa vesheni yoyote ya Ol' Man River nasikiliza nafasi moja tu, ile kati ya robota na uchovu. Mwimbaji mzigo kautua au bado anao begani? Na ndo nitakavyowaamua nyinyi wawili.

Joe wa kwanza kabisa jukwaani aliitwa Jules Bledsoe. Kern na Hammerstein walimtaka Paul Robeson tangu mwanzo ila mambo yakachelewa na Robeson akawa hapatikani, kwaio Bledsoe ndo akaufungua. Robeson akaja kuuchukua mwaka uliofuata, Mei 1928, mchezo ulipofika London kwenye ukumbi wa Drury Lane. Lakini kabla hajaenda London kuna kitu kilitokea ambacho kitawasaidia sana, kitafuteni. Bendi ya Paul Whiteman ilirekodi huu wimbo mara mbili. Januari 1928 na kijana Bing Crosby, na Machi 1 mwaka huohuo na Robeson. Kiongozi wa bendi ni yuleyule, miezi miwili haijaisha. Ya Crosby ni dansi kabisa, mbio, miguu inataka kuinuka, na robota hapo ni jepesi kama mto wa kulalia. Simlaumu, watu walitaka kucheza na rekodi ilipendwa sana. Ya Robeson ni kama wameambiwa wote tulieni kuna mtu anataka kusema. Alikua na miaka 29, besi ya kweli, sauti inatoka bila kusukumwa. Baba yake alizaliwa utumwani akatoroka akiwa kijana akaja kuwa mchungaji, kwaio yule Joe anayemuimba hakumsoma vitabuni, kalelewa na mtu wa namna hiyo.

Afu kuna filamu ya Show Boat ya 1936. Hiyo mwanangu itazameni usiku, taa mzime. Robeson kakaa gatini anachonga kijiti, kamera inamzunguka polepole mpaka uso wake unajaa skrini, na ile sehemu ya kubeba inapofika zinaingia picha, yeye na robota mgongoni, yeye ndani ya jela. Anaimba kama anajisemea. Ule mstari wa kuchoka hauombei huruma, anausema tu kama mtu anayekwambia leo jua kali. Kwangu mimi kama tunazungumzia wimbo ndani ya kisa chake, yani Joe kama alivyoandikwa, hakuna aliyefika pale.

Sasa ndo tuje kwenye hilo la maneno. Hujasikia vibaya. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 Robeson alianza kuyabadilisha kwenye matamasha yake. Mwanzoni mwa wimbo Joe anasema yule mzee anayeitwa Mississippi ndiye ningependa kuwa kama yeye, Robeson akaimba ndiye nisiyependa kuwa kama yeye. Pale pa kulewa kidogo ukajikuta jela akaweka ukionyesha ujasiri kidogo unajikuta jela. Na ule mstari wa nimechoka kuishi naogopa kufa akautoa wote, akaimba nacheka badala ya kulia, na lazima niendelee kupigana mpaka siku ya kufa.

Ona alichokifanya hapo. Hajagusa noti hata moja. Lakini mto umegeuka. Mwanzo mto alikua ni wa kuonewa wivu, bwana mkubwa asiye na shida. Sasa mto ni yule anayepita anaona watu wanaumia na hasimami. Ule mwisho wa kutiririka tu, ambao Joe alikua anaukubali, kwa Robeson wa baadae unasikika kama shutuma. Na mzigo hautui kwa makusudi, kwa sababu sasa anajua anaupeleka wapi.

Na hakua anaigiza. Mwaka 1950 serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti kwa ajili ya siasa zake, akakaa bila kusafiri mpaka 1958. Alipoachiwa akazunguka dunia, na tarehe 9 Novemba 1960 akaenda Sydney kwenye ile Opera House ikiwa bado inajengwa, wala sio ukumbini, ni sait, mchana kweupe, mafundi wamekaa juu ya vyuma, yeye kavaa koti zito kaweka kiganja sikioni ajisikie vizuri, akawaimbia Ol' Man River bila bendi. Ana miaka 62. Sauti imeshazeeka kidogo, ina mchanga ndani yake. Hiyo nafasi ninayoisikiliza mimi, kati ya robota na ule mstari mpya, pale anawaimbia watu ambao mizigo yao wameiweka chini kwa muda mfupi tu na watarudi kuishika.

Haya, kaka yako. Sinatra ana vesheni mbili za kuziangalia na usizichanganye. Ya kwanza ni ya 1946 kwenye filamu ya maisha ya Jerome Kern, kavaa suti nyeupe pe, kasimama juu ya jukwaa jeupe, okestra yote imevaa nyeupe, na hiyo kwa kweli siipendi, sio kwa sababu yeye ni mzungu ila kwa sababu hakuna kitu chochote hapo kinachobebwa. Maneno nayo yamelainishwa, mwanzo inaimbwa hapa sisi sote tunafanya kazi, na ukimuangalia huoni kazi.

Ya pili ni ya 1963, albamu yenye okestra ya Nelson Riddle, na nadhani ndo iliyopo kwenye santuri ya mzee wenu kama alivyoieleza kaka yako. Hapo ni habari nyingine. Sikilizeni mwisho wa sehemu ya tatu. Kwenye neno la jela anashuka chini kwenye noti ambayo sio ya kwake kabisa, anaishikilia, afu bila kuvuta pumzi anaiunganisha na nimechoka. Pumzi moja! Waimbaji wengi hapo wanapumzika, hata wakubwa, na ni haki yao maana sentensi imeisha. Yeye hapumui. Mimi nilipoigundua hiyo nilirudisha nyuma mara tano nikiwa nimevaa hedifoni usiku, nikihakikisha sijadanganywa na fundi wa studio. Unasikia hewa inavyomuishia kifuani, na ule uchovu unaousikia kwenye mstari unaofuata sio wa kuigiza, mtu kaishiwa pumzi kweli. Baba yangu angesema bado hajatua huyu.

Kwaio kwa kipimo changu kaka yako ana hoja nzito na umuombe radhi kwa hilo. Sinatra hakuwahi kubeba robota lakini alitafuta mahali kwenye mwili wake panapofanana na kubeba, akakuta ni pumzi.

William Warfield wa Show Boat ya 1951 nimtaje pia, ile filamu ya rangi, anaimba kwenye ukungu. Sauti ya opera, nzuri kuliko ya wote hawa ukinibana nichague sauti peke yake. Ila yeye mzigo anautua. Anamaliza sehemu ya tatu, anasimama, anajikusanya, anaanza upya kwa heshima zote kama mtu anayeingia kanisani. Ni uzuri wa aina yake na kuna siku nautaka huo. Ray Charles wa 1963, na kwaya kubwa nyuma yake, kaupeleka kwenye bluzi, anauvutavuta maneno mpaka hujui kama analia au anahubiri, kwake mzigo ni wa moyoni sio wa begani.

Uamuzi wangu: Robeson. Lakini sio kwa sababu uliyoitoa wewe ya kusisimka kwa sauti, maana sauti ni ya Mungu hakuifanyia kazi. Ni kwa sababu yeye peke yake aliuimba huu wimbo zaidi ya miaka 30 na akaona mstari haumtoshi tena akaubadilisha, na ukiweka ya 1936 na ya baadae pamoja unamsikia mtu yuleyule akibishana na yule aliyekua zamani. Sinatra wa 1963 namuweka wa pili, karibu sana.

SWALI: Mjomba habari za siku nyingi. Mimi ni mama wa Mombasa, naimba harusini na kanisani. Nataka kuujaribu huo wimbo lakini mume wangu yuwasema huo ni wimbo wa mwanamume, tena mwanamume wa sauti nzito, mwanamke akiuimba ni kama avae koti la babake. Nishike lipi?

JIBU: Nzuri mama, Mungu anasaidia. Mwambie baba watoto kwa heshima zote akamtafute Judy Garland, 1963, kwenye kipindi chake cha televisheni cha CBS. Mwanamke mdogo wa umbo, kasimama peke yake. Hakujifanya kuli na hakujaribu kuzama chini kama kina Robeson, kauweka wimbo mahali sauti yake inapokaa na kaanza kama mtu anayezungumza, na anapofika mwisho unaogopa kidogo kama kuna kitu kitapasuka. Yule mama maisha yalimchosha tangu mdogo, ule mstari wa kuishi nimechoka hakuhitaji kufundishwa.

Na tena hapa kwetu hili tulishalimaliza zamani sana. Malaika ni wimbo wa kijana anayelia hana mali, anamwambia mpenzi wake ningekuoa lakini nashindwa. Fadhili William anauimba ni yule kijana mwenyewe, unamuona mpaka mifuko imetoboka. Akaja Miriam Makeba, mwanamke, akaimba nakupenda, ningekuoa malaika vilevile, na je, kuna mtu alimuuliza utaoaje wewe? Dunia nzima ilinyamaza ikasikiliza. Akiimba Fadhili nasikia shida ya mahari, akiimba Makeba nasikia kuachana kwenyewe, mahari sikumbuki hata. Wimbo uleule umefungua mlango mwingine.

Imba mama. Ila usianzie chini ili uonekane una sauti nzito. Anzia pako.

SWALI: Ni kweli Temptations nao waliuimba? Rafiki yangu anabisha. Msomaji, Tabora.

JIBU: Ni kweli, 1967 wapo kwenye rekodi yao ya laivu, na anayeushika ni yule wa besi, Melvin Franklin, muwekee rafiki yako asikie. Na ukimaliza hapo mtafute Sam Cooke wa 1958, yeye kauchangamsha, teno nyepesi, mimi kwa kweli haunigusi. Lakini miaka sita baadae Sam Cooke huyohuyo akatoa wimbo wake mwenyewe, A Change Is Gonna Come, unaoanza na mtu aliyezaliwa kando ya mto na ndani yake kuna maneno ya maisha kuwa magumu na kufa kuogopesha. Kila nikiusikia nasema huyu alikua bado anazungumza na Joe.

SWALI: Asalaam alaykum Mjomba. Hapa Unguja barazani kuna mzee kasema huyo Paul Robeson alijua Kiswahili. Vijana wakamcheka. Naomba jibu kwa maandishi niwapelekee.

JIBU: Waalaykum salaam. Wapelekee na uwasomee kwa sauti. Mwaka 1934 Robeson akiwa London alijiandikisha kwenye chuo cha SOAS, kile cha lugha za Asia na Afrika, akasoma fonetiki na Kiswahili. Wakati huo alikua tayari mwimbaji maarufu Ulaya nzima, hana shida ya kazi, akaenda kukaa darasani kwa sababu alitaka kujua alikotoka. Siwezi kuwaambia aliongea kama mtu wa Mji Mkongwe lakini lugha aliisoma kweli, mzee wenu yupo sahihi na wamuombe radhi.

Na muongezee kitu akaringe nacho barazani. Robeson alicheza filamu ya Sanders of the River iliyotoka 1935, na kati ya watu wa ziada waliovalishwa wakaigiza machifu alikuwepo Mkenya mmoja aliyekua London wakati huo, Jomo Kenyatta. Ile filamu ilivyotoka ilikua inasifia ukoloni na Robeson aliijutia sana baadae. Mimi nadhani, na hili ni langu, kwamba mtu aliyeumizwa na maneno ya filamu kiasi kile haishangazi kwamba miaka michache tu baadae akaanza kurekebisha maneno ya wimbo wake mkubwa.

Jingine la kwenu hukohuko. Mwaka uleule 1928 Robeson anarekodi Ol' Man River ndo mwaka Siti binti Saad alipanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri zake. Mtoto wa mtumwa kule na binti aliyezaliwa kwenye utumwa huku, wote wawili sauti zao zinaingia kwenye santuri mwaka mmoja. Na nyimbo za Siti nazo zikaja kuimbwa na Bi Kidude, kama Kijiti, na anayewasikia wote wawili anajua kabisa kwamba Bi Kidude hakumuiga, kauchukua wimbo kautia moshi wake.

SWALI: Shikamoo Mjomba, mimi ni mwanafunzi wa chuo Dodoma, besi kwenye kwaya ya chuo. Mwalimu wetu kanipa Ol' Man River niimbe peke yangu kwenye usiku wa tamasha mwezi ujao, na kwaya wataitikia nyuma. Nina maswali matatu. Niimbe kwenye kii gani, nitumie maneno yapi kwa sababu nimekuta aina nne, na nifanyeje nisionekane namuiga Robeson maana kila nikifungua mdomo ndo natoka yeye. Naogopa Mjomba.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kuogopa ni vizuri.

Kii usiitafute mwanzoni mwa wimbo. Besi wengi wanajiharibia hapo, wanachagua kii ambayo ile soh ya kwanza inatoka nzito tamu kila mtu anashangilia, afu dakika tatu baadae wapo juu wanapiga kelele. Anza na mstari wa mwisho. Muombe mwenzako wa kinanda apandishe na kushusha mpaka upate mahali ambapo ile noti ya juu unaitoa kwa sauti iliyojaa bila kukaza shingo, imba hapo mara tatu mfululizo, ya tatu ikiwa bado nzuri ndo kii yako. Kisha nenda mwanzo uone kama ile soh ya chini inasikika. Ikiwa haisikiki vizuri usijali sana, mwambie kwaya wanyamaze kabisa hapo mwanzoni, kinanda kipige kidogo, na ukumbi wenyewe utakuja kukufuata.

Maneno. Ya 1927 kwenye ule ubeti wa mwanzo yana lile tusi la Kimarekani wanaloitwa watu weusi, na hata filamu ya 1936 walilitoa wakaweka jingine la dharau vilevile. Usiyaguse hayo. Sio suala la kuogopa historia, mwaka 1987 walipotaka kuurekodi mchezo mzima London na maneno ya asili, waimbaji weusi wa kwaya waliokua wameitwa walikataa kabisa wakaondoka, na walikua ni watu wanaoijua hiyo historia kuliko yeyote. Kuna vesheni inayoanza na hapa sisi sote tunafanya kazi, hiyo inaimbika popote, ni ya heshima ila imepoa kidogo. Mimi ningekua mimi, ubeti huo wa mwanzo ningeuacha nikaanza moja kwa moja na kiitikio, Joe na mto, basi. Ule mstari wa kuchoka na wa kupigana chagua mmoja na umalize nao, usiimbe wa Hammerstein mara ya kwanza na wa Robeson mara ya pili, nimesikia watu wanafanya hivyo na wasikilizaji wanabaki hawajui wewe ni nani. Umri wako, kama hujawahi kukaa siku nzima huoni mbele, imba wa Robeson. Kama ushawahi, imba wa kuchoka. Na ile lafudhi ya makuli wa Mississippi usiitengeneze, imba Kiingereza chako cha Dodoma kilichonyooka.

La kumuiga. Acha kumsikiliza kuanzia leo, ushamsikia vya kutosha. Chukua ndoo ya lita 20 ijaze maji, ibebe begani tembea kutoka bombani mpaka bwenini ukiisema ile sehemu ya tatu, usiiimbe, iseme tu. Utaona mwenyewe pumzi inakatika wapi, na haitakatika pale inapokatika ya Robeson wala ya Sinatra, maana kifua ni chako na ndoo ni yako. Pale inapokatika weka alama kwa penseli kwenye karatasi ya nyimbo, na siku ya tamasha pumua hapohapo hata mwalimu akikunja uso.

Sehemu ya tatu usiikimbize. Na ukifika kwenye lile neno la jela usiangalie kwaya nyuma, waambie mapema wasiingie mpaka wewe uingie.

Nirekodie kwa simu unitumie, nataka nisikie umevuta pumzi wapi.